Beringi ya roli imechemka siku ya tatu: NU, NJ na NUP zinatofautianaje?

*Swali: Mimi ni fundi wa matengenezo kiwandani. Tuna mota ya umeme inayozungusha feni kubwa kwa mikanda. Shafti yake ni milimita 80, inazunguka mara 1,480 kwa dakika. Upande wa puli ilikuwa na beringi ya gololi 6316, na ilikuwa inakufa kila baada ya miezi minne hivi. Nyuma kuna 6316 nyingine iliyobanwa na vifuniko, haijawahi kusumbua. Nilishauriwa niweke beringi ya roli, yaani yenye vipande vya silinda badala ya gololi, upande wa puli. Nilipoenda kununua nikakuta NU 316 na NUP 316. Muuzaji akasema NUP ndiyo imara kwa sababu ina kingo kila upande, na mimi niliona NU ringi yake ya ndani inachomoka kwa mkono, nikaiona dhaifu. Nikafunga NUP. Kulikuwa na washa (pete) ya springi pale, nikaitoa ili vifuniko vibane vizuri. Siku ya tatu upande wa puli ukawa unachemka, mkono hauvumilii, na kuna sauti ya kulia. Nimeizima. Je, nimeuziwa beringi mbovu? Halafu mkuu wangu anataka mota zote ziwe za roli, zikiwemo mbili zilizounganishwa na pampu moja kwa moja kwa kaplingi. Nifanyeje?*

Ndugu fundi, kuizima mota lilikuwa jambo la kwanza na la maana kuliko yote, na ulilifanya. Ungeiacha iendelee ungeongeza shafti kwenye hasara, na pengine na waya za mota.

Kwa maelezo yako, sidhani kama umeuziwa beringi mbovu. Wazo la kuweka roli upande wa puli lilikuwa sahihi. Kilichokukwamisha ni zile herufi. Muuzaji alizisoma kama daraja la nguvu, na mafundi wengi huzisoma hivyo, wakati hazisemi chochote kuhusu nguvu. Fungua katalogi yoyote uangalie NU 316, NJ 316 na NUP 316 za muundo mmoja: uwezo wao wa kubeba mzigo ni uleule. Roli ni zilezile, kwa idadi ileile. Herufi zinakuambia kitu kimoja tu, nacho ni kama beringi inaishika shafti isiende mbele na nyuma au inaiachia.

Kwenye NU, kingo mbili ziko kwenye ringi ya nje na ringi ya ndani haina ukingo wowote. Ndiyo maana ilichomoka mkononi mwako. Huo si udhaifu, ndiyo kazi yake: roli zinabeba mzigo wa mikanda huku shafti ikiwa huru kusogea mbele au nyuma kidogo. Aina ya N ni vilevile, ila kingo zimehamia ringi ya ndani na ya nje ikabaki wazi. NJ inaongeza ukingo mmoja kwenye ringi ya ndani, kwa hiyo inaizuia shafti upande mmoja na kuiachia upande wa pili. NUP ina ukingo mmoja wa kudumu kwenye ringi ya ndani na mwingine wa kupachika, ikishafungwa inaishika shafti pande zote mbili. Utakutana pia na pete ya HJ, inayouzwa peke yake: ukiipachika kwenye NU inafanya kazi kama NJ, ukiipachika kwenye NJ inashika pande zote mbili. Kamwe usiweke HJ mbili kwenye NU moja, maana utazibana roli katikati.

Sasa turudi kwenye mota yako. Nyuma kuna 6316 iliyobanwa, nayo tayari inaishika shafti. Mbele ukaweka NUP, nayo inaishika shafti. Shafti imeshikwa mara mbili, na chuma kikipata joto lazima kirefuke. Chuma cha shafti hurefuka kama mikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Tuseme kati ya beringi na beringi kuna milimita 800, na shafti imepata joto nyuzi 30 zaidi ya mwili wa mota. Hiyo ni karibu milimita 0.29. Kwa jicho ni kitu kidogo, lakini ndani ya beringi ni kingi sana, na hakina pa kwenda. Shafti inasukuma, vichwa vya roli vinakandamizwa kwenye ukingo, na beringi ya nyuma inasukumwa upande wake.

Hapo kwenye ukingo ndipo joto lako lilipozaliwa. Roli inaviringika kwenye njia yake, lakini kichwa cha roli hakiviringiki kwenye ukingo. Kinasugua. Grisi inaweza kuvumilia msuguano huo ukiwa mdogo. Ukiwa mkubwa, utando wa mafuta unakatika, joto linapanda, shafti inazidi kurefuka na msukumo unaongezeka. Ukianza mzunguko huo haujitulizi wenyewe. Beringi mpya yenye grisi mpya huweza kupata joto saa za mwanzo kisha ikapoa, na mkono si kipimajoto, kwa sababu wengi wetu hatuvumilii zaidi ya nyuzi 60 hivi wakati beringi ya mota hufanya kazi salama hata nyuzi 70 au 80. Lakini joto linalokuja siku ya tatu pamoja na mlio si la grisi mpya.

Utauliza mbona ile gololi ya mwanzo haikuchemka hivyo, nayo inashika pande zote mbili. Jibu ni ile washa ya springi uliyoitoa. Pale mbele, ringi ya nje ya gololi ilikuwa imeachiwa nafasi ya kuteleza ndani ya nyumba yake, na springi ikiisukuma taratibu ili gololi zisicheze. Shafti ikirefuka, beringi nzima inatembea nayo. Wewe ulipotoa springi na kukaza vifuniko, NUP ikakosa pa kutembea. Na hata kama usingekaza, beringi iliyokandamizwa na mikanda kwa nguvu hivyo huteleza kwa shida.

Cha kufurahisha ni kwamba ufungaji wako ungeifaa NU kabisa. NU inataka ringi yake ya nje ibanwe na springi isiwepo, kwa sababu kuteleza kunafanyika humo ndani, kati ya roli na ringi ya ndani, tena kwa ulaini shafti inapozunguka. Ulibana mahali sahihi, aina ya beringi ndiyo haikuwa yake.

Usiniamini kwa maneno tu, thibitisha. Ukiifungua NUP, angalia vichwa vya roli na uso wa ndani wa ukingo. Nategemea uone mikwaruzo inayong'aa au rangi ya kahawia hadi bluu upande mmoja. Kisha fungua na ile 6316 ya nyuma, hata kama hailii. Alama ya gololi inatakiwa ipite katikati ya mfereji. Ukiikuta imepanda ubavuni, umepata ushahidi kwamba shafti ilikuwa inasukuma, na beringi hiyo ibadilishe pia. Imeumia bila kupiga kelele.

Lakini ukikuta alama tofauti, usilazimishe maelezo yangu. Mistari myembamba iliyopangana kama ubao wa kufulia kwenye njia ya roli inatokana na umeme kupita ndani ya beringi, na hutokea zaidi kwenye mota zinazoendeshwa na kifaa cha kubadilisha mwendo. Hapo hakuna aina ya beringi ya kawaida itakayokuokoa. Muite fundi umeme apime mkondo wa shafti, na mnaweza kuhitaji beringi iliyokingwa isipitishe umeme. Mikwaruzo mirefu inayofuata urefu wa shafti, iliyoachana kwa nafasi sawa na roli, ni majeraha ya wakati wa kufunga. Hilo nitalirudia.

Turudi nyuma kidogo, kwa nini gololi zilikuwa zinakufa? Gololi inagusa njia yake kwa nukta, roli inagusa kwa mstari. Mzigo uleule ukitandazwa kwenye mstari, chuma hakikandamizwi sana mahali pamoja. 6316 ina uwezo wa kama kilonyutoni 130. NU 316 ya muundo ulioimarishwa, yenye herufi E baada ya namba, ina kama 300, na zote mbili ni milimita 80 kwa 170 kwa 39. Tuseme mikanda inaikandamiza beringi ya mbele kwa kilonyutoni 20, yaani uzito wa tani mbili hivi. Kwa hesabu ya kawaida ya uhai, unagawa uwezo kwa mzigo, kisha kwa gololi unapandisha jibu kwa kipeo cha 3 na kwa roli kipeo cha 10/3. Unapata mizunguko kwa mamilioni. Gololi inapata kama milioni 275, ambayo kwa mwendo wa mota yako ni saa 3,100, au miezi minne na kidogo mota ikikesha. Umeona inavyofanana na ulichokuwa unakipata? Roli kwa mzigo huohuo inazidi saa 90,000. Hiyo ni hesabu tupu, ya kiwango ambacho beringi 9 kati ya 10 zinakifikia zikiwa safi na zenye grisi nzuri. Vumbi na maji vitaishusha sana, lakini tofauti unaiona.

Hata hivyo tani mbili ni nyingi kwa mota ya ukubwa huo, kwa hiyo kabla hujanunua chochote pima mkazo wa mikanda. Mkanda uliokazwa kupita kiasi ni ugonjwa, na kuweka roli ni kuficha homa yake. Angalia pia puli imekaa umbali gani kutoka kwenye beringi. Kama kati ya beringi mbili kuna milimita 800 na puli iko milimita 200 nje ya beringi ya mbele, beringi hiyo inabeba mara 1.25 ya nguvu ya mkanda. Isogeze puli hadi milimita 300 na inabeba karibu mara 1.4. Na puli ndogo inavuta zaidi ya kubwa kwa kazi ileile: kipenyo kikipungua nusu, mvuto unaohitajika unakuwa mara mbili. Wakati mwingine jozi ya puli kubwa zaidi, kwa uwiano uleule, ingeifanya hata gololi iishi miaka. Ningekuwa mahali pako ningelifikiria hilo kwa uzito, maana linapunguza mateso ya shafti na ya feni pia.

Ukishaziweka sawa hizo na mzigo bado ni mkubwa, basi NU 316 yenye nafasi ya ndani ya C3 mbele, na 6316 C3 iliyobanwa nyuma. C3 si alama ya ubora wala ya unene, kama wengi wanavyodhani. Ni nafasi iliyoachwa kati ya roli na njia zake: kwa beringi ya roli ya shimo la milimita 80, C3 ni kati ya milimita 0.065 na 0.100, wakati ya kawaida ni 0.040 hadi 0.075. Sehemu ya nafasi hiyo inaliwa ringi ya ndani inapotanuka kwa kukaa kwa nguvu kwenye shafti, na nyingine inaliwa na joto. Ndiyo maana beringi ya roli ikiwa mpya unaisikia inacheza mkononi, usiirudishe dukani kwa hilo.

Kipimo cha shafti usikipuuze. Roli inataka kukaa kwa nguvu zaidi ya gololi. Kwa kipenyo cha milimita 80 na mzigo wa mkanda, kawaida shafti iwe imezidi 80 kwa milimita 0.011 hadi 0.030. Kama imechakaa na beringi inaingia kwa kuteleza, simama hapo. Kupigapiga shafti kwa sentapanchi ili ikamate hakufai kwa roli, mstari wa mguso unaishia kukaa juu ya vinundu. Peleka shafti kwenye karakana ya kukereza wajaze na kuisaga upya kwa kipimo. Roli za silinda pia hazisamehe shafti iliyopinda. Zinavumilia mpindo wa kama dakika 3 hadi 4 za nyuzi, yaani takriban milimita moja kwa kila mita. Zaidi ya hapo ncha za roli ndizo zinabeba mzigo wote, na njia inaanza kumomonyoka pembeni.

Wakati wa kufunga, ringi ya ndani ipashe moto hadi nyuzi 110 hivi kwa hita ya beringi, isizidi 120, na usitumie moto wa gesi. Iingize hadi mwisho, ishikilie mpaka ipoe ikiwa imegusa bega la shafti. Ringi ya nje pamoja na roli zake inatangulia kwenye kifuniko cha mota. Kisha inakuja hatua ambayo imeua beringi nyingi mpya: kuurudisha mfuniko juu ya shafti. Roli zikigongana na mdomo wa ringi ya ndani zinachora ile mistari mirefu niliyotaja, na beringi italia tangu siku ya kwanza. Paka mafuta, beba uzito wa shafti kwa winchi ikae sawasawa, na ingiza huku ukiizungusha shafti polepole. Ikikwama usigonge. Toa, panga upya. Na usichanganye ringi ya ndani ya beringi moja na roli za nyingine hata kama namba zinafanana, kwa sababu ile yenye E na isiyo na E zinaweza kutofautiana kipenyo cha njia.

Kuhusu grisi, kadirio zuri la kuongezea ni kipenyo cha nje zidisha upana zidisha 0.005. Kwako ni gramu 33. Roli zinataka grisi mara nyingi zaidi kuliko gololi, kwa hiyo ratiba ya zamani ya mota hiyo haitoshi tena.

Nije kwa mkuu wako. Hapa nitasema wazi: mota za pampu zisibadilishwe. Beringi ya roli inahitaji mzigo ili ifanye kazi. Roli zinapopita upande usio na mzigo zinapunguza mwendo, zikirudi kwenye mzigo zinavutwa na ringi kwa ghafla. Mzigo ukitosha, zinashika na kuviringika. Usipotosha, zinateleza, zinachana utando wa mafuta na chuma kinapakana na chuma. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni kwamba roli ipate angalau asilimia 2 ya uwezo wake. Kwa NU 316 hiyo ni kilonyutoni 6. Mota iliyounganishwa kwa kaplingi haina mkanda wa kuivuta, kilichopo ni uzito wa rota tu, yaani sehemu ya ndani ya mota inayozunguka na shafti. Rota ya kilo 300 inaupa kila upande kama kilonyutoni 1.5, robo ya kinachohitajika. Utakuwa umeondoa beringi ya gololi yenye afya na kuweka yenye uwezo mara mbili itakayokufa mapema. Mwoneshe hesabu hiyo, naamini ataielewa.

Mota nyingine za mikanda zinaweza kufaa, lakini usibadilishe kabla ya kufungua vifuniko na kuona ni beringi gani inashika shafti. Kwenye mota nyingi beringi iliyobanwa ni ya mbele, upande wa puli, na ya nyuma ndiyo inayoelea kwenye springi. Ukitoa gololi ya mbele ukaweka NU kwenye mota ya namna hiyo bila kuibana ya nyuma, hakuna kitakachoishika shafti, na rota itatembea hadi igonge. Ni kosa la NUP lililogeuzwa.

Aina nyingine za familia hii hutazihitaji hapo, ila zitakusaidia ukizikuta. NJ utaiona sana kwenye giaboksi, ambako gia za meno ya mshazari zinasukuma shafti kidogo upande mmoja. Msukumo huo uwe mdogo, usizidi nusu ya mzigo unaoikandamiza shafti kutoka ubavuni, hata kwa zile zilizoimarishwa. Beringi zisizo na keji (fremu inayozitenganisha roli), zilizojazwa roli tupu, hubeba mzigo mkubwa kwa mwendo wa pole kama kwenye puli za kreni. Zile za safu mbili aina ya NN, zenye shimo la mshazari, hukaa kwenye spindo za mashine za kukereza kwa ajili ya usahihi, na za safu nne hubeba rola za mitambo ya kufinyanga chuma.

Ukishafunga NU, washa mota bila mikanda kwa dakika chache tu, kwa sababu bila mzigo itateleza kama nilivyoeleza. Kisha weka mikanda, na andika joto la pande zote mbili kila nusu saa hadi litulie. Likiendelea kupanda baada ya saa kadhaa, au ukisikia mlio uleule, zima na umwite mtu mwenye kifaa cha kupima mtetemo aje asimame kwenye mota hiyo. Moshi, harufu ya kuungua au rota kugusa ndani: kata umeme, usiwashe tena kujaribu.